Nyota ya Mkia Iliyochelewa Azaiba

Jumatano, 12 Machi 1997

Ndugu zangu wapima mbingu, wenzangu mliokataa kusimuliwa anga iliyo juu ya vichwa vyenu wenyewe:

Daftari hili nalifungua leo kwa ajili yenu. Tulipoiunda jumuiya yetu pale chuoni tulipitisha kanuni moja, na mimi Muhsina ndiye niliyeipendekeza: kila mwenye kituo cha kupimia aandike shajara, na mwisho wa msimu aisome mbele ya wote bila kuruka ukurasa. Basi nisikilizeni tangu ukurasa wa kwanza.

Nyota ya mkia iitwayo Hale-Bopp imehamia upande wa jioni. Jua likishazama tu inasimama kaskazini-magharibi, juu ya bahari ya Azaiba, na haina haja ya kutafutwa. Vituo vikubwa vya nchi za mbali vimeshachapisha jedwali la njia yake, mahali itakapokuwa kila siku hadi mwezi wa Juni. Dokta Mutasim, mwalimu wetu wa fizikia, amelipokea kwa faksi na kulibandika ubaoni kana kwamba ni amri iliyoteremshwa. Nami nawauliza: je, tumekuja chuoni kukariri majedwali ya watu, au kupima? Anga hii haina mlango, wala haina bawabu. Atakayeinua macho na kuandika alichokiona kwa uaminifu, huyo ana haki nayo sawa na mwingine yeyote.

Vituo vyetu ni viwili. Cha Rusayl ni cha Anas, wa darasa letu, ambaye baba yake ana karakana ya madirisha ya alumini huko. Anas huichora nyota ya mkia kwenye ramani, kwa macho, miongoni mwa nyota zinazoizunguka. Cha pili ni paa la nyumba yetu hapa Azaiba, nami ninayo theodolaiti: darubini ya wapima ardhi, yenye miguu mitatu na duara mbili za digrii, moja ya kimo na moja ya mwelekeo. Ni ya babu yangu mzaa mama, Bwana Thabit, aliyepima mashamba Unguja na baadaye, alipovuka bahari kuja nchi hii, barabara za hapa. Macho yake hayawezi tena kulenga, kwa hiyo amepewa kazi nyingine. Yeye akirudi msikitini kusali magharibi hupanda juu na kunisomea saa.

Kazi hiyo si ndogo. Mbingu huzunguka digrii kumi na tano kwa kila saa moja. Asiyejua wakati, digrii zake zote ni upuuzi.

Saa ya Babu ni ya mkono, ya kutiwa ufunguo, nayo inakwenda kwa saa za Kiswahili. Redio ilipotoa mlio wa saa mbili kamili, yake ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi na saba. Nimeandika pembeni: "Iko nyuma dakika kumi na saba. Ziongezwe kila siku."

"Hiyo haijapotea dakika, mke wangu," amesema Babu. Ananiita mke wangu, kama mababu wa kwetu wote wanavyowatania wajukuu wao. "Tangu marehemu baba aliponivika, haijapotea dakika moja."

"Mbona basi iko nyuma ya redio?"

"Redio ndiyo iko mbele. Sijui ina haraka gani."

Jumapili, 16 Machi

Kimo, mwelekeo, wakati. Tofauti na jedwali haifiki upana wa mwezi. Mkono wangu bado mgeni.

Alhamisi, 20 Machi

Wingu.

Ijumaa, 21 Machi

Wingu, na mvua. Babu amekaa juu na mwavuli, saa mkononi. Nilipomwambia ashuke alisema mpima ardhi hashuki mpaka ardhi iondoke.

Alhamisi, 27 Machi

Nimehesabu mara nne.

Nyota ya mkia haiko pale jedwali linaposema. Iko magharibi ya pale, kwa upana wa miezi mitatu iliyopangwa sambamba. Niliporudi nyuma kwenye kurasa zangu za vipimo nikaona kwamba jambo hili halikuanza leo. Tarehe kumi na sita haikufika mwezi mmoja, tarehe ishirini na mbili miwili, leo mitatu. Inachelewa, na kila siku inazidi kuchelewa, kwa kiasi kilekile, bila kuruka. Ingekuwa mkono wangu ndio unaokosea, makosa yangeruka huku na huku. Hili linatembea kama kitu chenye akili.

Ndugu zangu, mnaelewa maana yake? Kuna kitu kinaivuta, kitu ambacho hakimo katika hesabu za wakubwa. Wao wamepanga njia yake kwa tarakilishi zilizojaza vyumba. Sisi tuna darubini iliyotupwa na ofisi ya barabara, na mzee wa miaka sabini na tisa. Nasi ndio tuliokiona.

Jumanne, 1 Aprili

Leo imefika karibu zaidi na jua. Mkia umesimama juu ya taa za barabara kuu kama unyoya. Lujain, katibu wa jumuiya yetu, amekuja na gari lake na kukaa kimya juu ya paa, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu tuwe darasa la tano.

Kuchelewa: kumezidi. Sijamwambia Dokta Mutasim. Nataka siku kumi zaidi, kwa sababu atanitafutia kosa kwa taa, nami sitaki alipate.

Jumamosi, 5 Aprili

Lujain ameniletea nakala ya vipimo vya Anas. Vinakubaliana na jedwali. Vyote, tangu siku ya kwanza.

Nimevitazama muda mrefu. Watu wawili, umbali wa dakika ishirini kwa gari, jioni moja, nyota moja. Mimi naiona imechelewa, yeye anaiona imewahi miadi kila siku. Mmoja wetu hatazami mbinguni. Anatazama ubao wa Dokta Mutasim.

Jumanne, 8 Aprili

Anas amepiga simu nyumbani. Mama aliipokea, akanipa kwa jicho la kuuliza.

"Dada Muhsina, Lujain kaniambia. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Umeshapima nyota?"

"Ninapima kila siku. Wewe je?"

"Nyota ya kawaida, namaanisha. Moja tu. Ayuki ile iko palepale kila mwaka. Kama na yenyewe imehama, basi ujue."

"Nijue nini?"

"Ujue si kometi."

Nikamwambia sina wakati wa kupima kisichohama. Yeye anachora kwa macho, tena amevua miwani. Mimi nasoma duara la shaba hadi sehemu ya sitini ya digrii. Halafu huyo ndiye wa kunifundisha mimi?

"Haya," akasema. "Ila mimi sijanakili, dada."

Sikuwa nimemwambia kwamba amenakili. Neno hilo amelitamka yeye mwenyewe, nami nimelishika.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika haya kifua kikiwa bado moto.

Tulikutana uwanjani nyuma ya maktaba, alasiri, watu kama sitini. Nilipanda kwenye ngazi za zege, nikawaeleza kuchelewa kwa nyota ya mkia, upana wa miezi sita sasa. Nilichora mstari wa jedwali kwa chaki nyeupe ukutani, na mstari wa Azaiba kwa chaki nyekundu, na watu wakaona kwa macho yao jinsi mistari miwili inavyoachana kama ndugu waliogombea mirathi. Wakapiga makofi. Kisha nikauchora wa tatu.

"Na huu," nilisema, "ni mstari wa Rusayl. Uangalieni vizuri. Umelala juu ya jedwali kama shuka juu ya godoro. Hautoki hata kidogo. Wenzangu, kuna watumwa wa aina mbili. Kuna aliyefungwa minyororo, na huyo tunamhurumia. Na kuna aliyefunguliwa akapewa macho, kalamu na anga nzima, kisha akarudi mwenyewe kunakili alichoandika bwana. Huyo tumfanye nini?"

Anas alikuwa amesimama nyuma, karibu na matangi ya maji, ramani zake zikiwa zimekunjwa kwapani. Alisema, "Mimi nimechora nilichoona."

"Ulichokiona bila miwani."

Watu walicheka. Alisubiri wamalize.

"Ndiyo, bila miwani. Ndivyo mng'aro unavyopimwa. Kuichora naivaa. Dada Muhsina, umeipima Ayuki?"

Mtu mmoja upande wa kulia akasema, si kwa sauti kubwa, "Wa bara hao, wanajua nini habari za nyota." Babu yake Anas alitoka Tabora. Kicheko kikapanda tena. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, na neno moja langu lingetosha kukizima. Sikulisema. Naandika hivi kwa sababu kanuni inasema ukurasa usirukwe.

Tukapiga kura kwa mikono. Anas ametolewa katika jumuiya. Aliziweka ramani zake chini, kando ya tangi, akaondoka bila kutazama nyuma. Lujain ndiye aliyeziokota.

Jumapili, 13 Aprili

Nimempelekea Dokta Mutasim barua. Vipimo vya Rusayl ndivyo mradi wa Anas wa kumalizia mwaka, na mradi ulioghushiwa si jambo la jumuiya tu. Aliisoma akiwa amesimama.

"Una hakika?"

"Vipimo vyetu haviwezi kuwa sahihi vyote viwili."

"Hilo silo nililouliza."

Nikamwambia nina hakika.

Ijumaa, 18 Aprili

Idi ya Mfunguo Tatu. Wageni tangu asubuhi. Nilimpandisha Babu juu akiwa bado na bakuli la shuwa, ile nyama ya kuchomwa shimoni, mkononi. Upana wa miezi saba.

Jumanne, 22 Aprili

Mwezi mpevu umeufuta mkia wote. Nyota yenyewe imeanza kufifia.

Kamati ya idara itaisikiliza kesi ya Anas Jumamosi tarehe 17 Mei. Lujain amenieleza adhabu: mradi ukithibitika umeghushiwa, mwanafunzi anaondolewa chuoni, wala hapokelewi kwingine hapa nchini. Nimemjibu kwamba haki haina binamu. Yeye akasema, "Haina, kweli. Lakini wewe unaye Babu wa kukusomea saa, na yeye alikuwa peke yake." Sikuelewa anataka kusema nini, naye alisema hajui mwenyewe.

Jumanne, 29 Aprili

Nilikusudia kumaliza ubishi. Kamati ikiniuliza kama nimeipima nyota isiyohama, nijibu ndiyo, hii hapa, iko mahali pake, basi. Ilikuwa kazi ya dakika tatu.

Nikaielekeza theodolaiti kwa Ayuki. Kimo. Mwelekeo. "Saa, Babu." Akanisomea. Nikashuka kuhesabu.

Ayuki haipo mahali pake. Iko magharibi ya pale, kwa digrii nne na robo tatu. Nyota ya mkia, jioni hii hii: digrii nne na robo tatu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeipima tena. Nimepima na nyingine mbili. Nyota zote zimechelewa sawa. Mbingu yote imechelewa.

Nimekagua kiputo cha kusawazishia, skrubu, duara zote mbili, alama ya kaskazini niliyoichora ukutani. Hakuna kilichosogea. Ndani ya kichwa changu nasikia sauti yangu mwenyewe juu ya zile ngazi, nzuri, imepangika, kila sentensi na pumzi yake, na sioni mahali pa kuikata.

Alhamisi, 1 Mei

Goti la Babu limevimba, hakwenda msikitini. Alitandika mswala wake juu ya paa mapema, akaketi akilisubiri jua. Nami nilikuwa huko, nikiifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Adhana ilipoanza, Babu alivua saa yake, akavuta kile kitasa cha pembeni, cha kuitilia ufunguo, kwa ukucha, akaizungusha mishale mpaka yote miwili ikasimama juu, kwenye kumi na mbili. Akakisukuma kitasa ndani. Akaivaa.

"Babu, umefanya nini?"

"Nimefungua siku. Jua limekuchwa, saa thenashara."

"Umeirekebisha saa?"

"Sijairekebisha. Nimeiweka."

"Unaiweka lini na lini?"

"Kila siku ya Mungu. Nikisikia adhana pale kizingitini kwa msikiti, naiweka. Alikuwa akifanya hivi baba yangu, na baba yake. Wewe ulidhani thenashara ni nini? Tarakimu? Thenashara ni jua kuingia. Saa isiyojua jua limeingia, hiyo ni bangili."

Nilikaa chini. "Ulisema haijapotea dakika."

"Nayo haijapotea. Itapotea vipi, na kila siku nnairudisha kwenye jua mwenyewe?"

Ndugu zangu, sote tumelelewa na saa za Kiswahili, na sote tunadhani kwamba ni za kuongeza sita tu, basi. Kwa Babu sivyo. Siku zinarefuka. Jua la Machi na jua la Mei hayazami wakati mmoja. Kila jioni linachelewa kidogo, na saa ya Babu ikachelewa nalo, na mimi nikaongeza dakika zilezile kumi na saba kama nilivyoziandika siku ya kwanza. Leo zilikuwa thelathini na saba. Zilizopungua ni dakika ishirini. Digrii tano za mbingu.

Kitu kilichokuwa kikiivuta nyota ya mkia kilikuwa ni kuzama kwa jua. Nilikiona kweli. Nilikuwa wa mwisho duniani kukijua.

"Sala umeshasali?" akauliza Babu. "Maji yapo. Usikae hivyo, mke wangu, utavuta baridi ya sakafu."

Ijumaa, 2 Mei

Nimehesabu upya kila jioni kwa wakati wa kuzama kwa jua ulio kwenye kalenda ya sala iliyobandikwa jikoni. Mstari mwekundu umerudi. Umelala juu ya jedwali kama shuka juu ya godoro, na juu ya mstari wa Anas.

Jumamosi, 3 Mei

Lujain amenipeleka Rusayl. Njia nzima hakufungua redio.

Anas alikuwa anakata fremu. Baba yake alinikaribisha kwa kahawa, kwa jina, kwa adabu zote, na kutokana na adabu hizo nilijua kwamba anajua kila kitu. Kisha akajitenga, si mbali.

Nilieleza. Saa, jua, dakika kumi na saba. Anas alisikiliza akipangusa vumbi la alumini mikononi. Nilipofika kwa Babu na kitasa, alicheka kidogo, bila kutaka.

"Basi nyumbani kwenu siku inaanza magharibi," alisema.

"Naomba radhi, Anas."

"Nimesikia." Akaokota fremu nyingine, akaipima kwa utepe. "Dada, ulisema mbele ya watu sitini. Ulikosea mbele ya watu sitini. Sasa radhi unaomba mbele ya madirisha?"

Nilikiweka kikombe cha kahawa chini.

"Na yule aliyesema wa bara," aliongeza, "ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ahsante. Nilidhani labda hukumsikia. Ningependa iwe hukumsikia."

Nilipomuuliza kama atakwenda mbele ya kamati, alisema hajui aende na nini. Vipimo vyake vinakubaliana na jedwali. Hilo ndilo kosa lake. Mwizi anaweza kuonyesha alichoiba, lakini aliyeona kwa macho yake ataonyesha nini?

Jumatatu, 5 Mei

Dokta Mutasim. Nilitaka kuichukua barua yangu.

"Niliipokea kwa mkono wako," alisema. "Haiwezi kuondoka kwa mdomo. Kamati itaniuliza kwa nini mtoa mashtaka amejitoa. Nitajibu nini, amemwonea huruma?"

"Utajibu nilikosea."

"Nani anajua kuwa ulikosea? Wewe, mimi na watu wawili watatu. Nani alisikia shtaka? Chuo kizima. Kuna watu wanapita korido hii wakimwita yule kijana mnakili. Ukiniletea karatasi leo, watasema msichana amebembelezwa na familia mbili zimeelewana juu ya kahawa." Alifunga kalamu yake. "Shtaka lako halikuwa na ushahidi isipokuwa tofauti ya mistari. Tofauti hiyo iangushe palepale ulipoisimamisha. Mimi nitakuja. Nikiona kwa macho yangu, kamati haitakuwa na kazi."

"Na usipoona?"

"Basi tarehe 17 tutakaa."

Jumatano, 7 Mei

Usingizi umenikimbia siku tatu. Nimepima hasara zangu kama mtu anayehesabu vyombo baada ya moto. Uongozi wa jumuiya, uende. Jina langu, liende. Lakini siwezi kuieleza saa bila kumtaja mwenye saa, na mwenye saa hana kitu kingine duniani ila kwamba alikuwa mpima ardhi asiyekosea. Watamcheka. Nimewafundisha mwenyewe kucheka.

Leo nilimweleza yote, tangu ngazi hadi kamati. Alikuwa hajui kwamba kuna mtu ameumizwa. Alikiweka kikombe cha chai chini.

"Kijana mwenyewe anaitwa nani?"

"Anas."

"Anafukuzwa kwa saa yangu?"

"Kwa ulimi wangu, Babu. Saa yako haikukosea."

"Haikukosea," alikubali, na sikumwona akijisifu. "Uliniuliza saa, nikakupa saa. Ungeniuliza ni saa ya nani, ningekwambia. Lakini na mie nilikuwa mpima. Chombo cha mtu mwingine huwezi kukitia katika kazi yako hujakiuliza kimetoka wapi, na mwenye chombo hakai kimya akiona kinaandikwa. Nilikuona ukiandika kumi na saba. Nikajisemea, huyu msomi, ana lake." Akanyanyua kikombe, akakirudisha. "Nipeleke. Nnataka kuwaonyesha kitasa."

"Watakucheka."

"Wacheke. Nna miaka sabini na tisa, nimechekwa na wanaojua kucheka."

Jumamosi, 10 Mei

Nyota ya mkia iko chini sana sasa, karibu na weupe wa magharibi. Siku chache zaidi na itaingia. Wengine watasema, yule msichana alingojea mpaka ikapotea ndipo akaungama. Kwa hiyo nahesabu siku kama mgonjwa anavyohesabu vidonge.

Jioni hii nilifanya jambo moja. Nilivaa miwani ya Babu, ile minene, nikatazama juu. Nyota zote zikatawanyika zikawa pamba, kila moja duara laini lisilo na ncha. Na nyota ya mkia, ambayo ni pamba kwa kuzaliwa, haikubadilika sana. Hapo ndipo pamba ikalinganishwa na pamba, nikaona bila shaka kwamba imefifia kupita Dabarani, nyota nyekundu iliyo kando yake. Jicho kali haliwezi kuona hivyo. Linalinganisha ncha na wingu, na linajidanganya.

Ndivyo alivyokuwa akifanya Anas alipovua yake. Nilimcheka kwa kile alichokijua zaidi yangu.

Lujain amenipa zile ramani alizoziokota kando ya tangi. Nimezifungua zote. Tarehe ishirini Machi: "Wingu." Ishirini na moja: "Wingu, mvua." Tarehe tatu Aprili kuna doa lililofutwa na kurudiwa mara mbili, na kando yake: "Sina hakika, taa za kiwanda." Jedwali la ubaoni halina wingu hata siku moja, wala halina taa za kiwanda. Ushahidi wa mtu aliyetazama ulikuwa kando ya tangi la maji siku ile ile, na mimi nilikuwa juu ya ngazi nikizungumza juu ya macho.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia simu baba yake Anas, kwa kuwa Anas hakuja kwenye simu. Alisema atamfikishia. Alisema pia, "Mwanangu, yule si mtu wa kinyongo. Ila ameacha kutazama juu. Akitoka nje anatazama viatu." Nilishukuru nikaweka simu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, huu ndio ukurasa wa mwisho, na tangazo hili Lujain atalibandika kesho katika kila mlango wa chuo.

Wote waliosikia tarehe 12 Aprili, na wote waliosimuliwa, mnaitwa Jumatano tarehe 14 Mei uwanjani nyuma ya maktaba, mbele ya ukuta uleule. Nitalisoma daftari hili lote. Bwana Thabit atakuwapo na saa yake, na Dokta Mutasim atakuwapo na barua yangu. Kila atakayetaka ataipima Ayuki kwa mkono wake, mara moja kwa saa ya redio na mara moja kwa saa ya Babu pamoja na dakika zangu kumi na saba, na ataiona nyota isiyohama ikihama. Ramani za Rusayl zitakuwa zimefunguliwa ukutani. Kisha tutapiga kura tena, na anayetaka kucheka acheke kabla ya kura, akinitazama mimi.

Anas, theodolaiti itakuwa imesimamishwa na hakuna atakayeigusa kabla yako. Kometi itakuwa juu ya upeo kwa saa moja na kitu tu. Njoo na miwani yako, ya kuvaa na ya kuvua.

Tunaanza jua likikuchwa. Kwa redio ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne. Kwa saa ya Bwana Thabit ni saa thenashara kamili.